Roho Haijakaa

Sisi tuliokwenda bwenini na tranka la bati kichwani, godoro limefungwa kwa kamba ya katani, hatukuwa na neno la Kiingereza kwa kila kinachopita moyoni. Ukiwa na njaa ulisema una njaa. Ukiwa na homa ulisema una homa. Mengine yote yalikaa tumboni mpaka likizo. Leo nzi akitua puani mwa mtoto, anakuandikia kwamba yuko uneasy. Chumba cha hosteli kina joto, uneasy. Mwalimu kamkazia macho, uneasy. Wali una mchanga, uneasy. Binti yangu Nyanjura anasomea ualimu chuoni Bunda, na mwaka huu nimelipokea hilo neno kwenye simu mara nyingi kuliko shikamoo. Nimechoka nalo jamani.

Jumapili iliyopita kalileta tena. "Mama am feeling uneasy." Hapo mimi nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, Musoma hapa. Mume wangu, Majura, alikuwa na siku ya nne kitandani, tumbo limevimba, haliendi mbele wala nyuma, na daktari alikuwa ameshasema Alhamisi asubuhi watampasua. Nyanjura alikuwa hajui lolote. Alikuwa kwenye mitihani mpaka Ijumaa, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa Majura, alikata shauri tangu siku ya kwanza.

"Mtoto asiambiwe," alisema. "Mtamvurugia masomo."

Sote tukaitikia, na mimi mama mzazi nikiwemo. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mwanafunzi haambiwagi habari mbaya. Anaachwa asome, akifunga shule ndiyo anakuta mambo yamekwisha.

Basi nikamjibu mwanangu, tena kwa hasira. Nilimwandikia kwanza aandike I am, mwalimu gani huyo mtarajiwa anaandika am peke yake kama imepotea njia. Nikaongeza kwamba asome, aache kudeka. Nikairudisha simu kwenye mkoba, nikajiona mzazi hodari.

Ninachoudhika nacho zaidi ni kwamba neno lenyewe nalijua kabla yeye hajazaliwa. Niliwahi kupigiwa makofi na shule nzima kwa ajili yake.

Nimekulia Kiriba, kwa bibi mzaa baba. Nyumba ya baba na mama ilikuwa hatua chache tu, lakini ilijaa wadogo zangu mpaka mlangoni, nikahamia kwa bibi nikiwa bado nanyonya kidole. Tulikuwa na utoto wenye shughuli nyingi. Asubuhi ziwani kuchota maji na kuoga humohumo, huku mmoja wetu kawekwa juu ya jiwe aangalie mamba. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, tukikwepa mpaka magauni yanachanika kwapani. Jioni ni kombolela katikati ya yale mawe makubwa, na aliyejificha mbali sana aliitwa na mama yake kwa majina yote matatu mpaka kijiji cha pili wakasikia. Chakula kilikuwa ugali wa udaga, ile mihogo iliyovundikwa, mweusi na mzito, na furu wa kuchemsha, vichwa tukivigombania. Mtoto wa leo ukimpa furu anakuuliza mbona samaki wenyewe wadogo hivi, kisha anampiga picha, na mwisho wa yote hamli.

Bibi alikuwa fundi wa kukausha furu. Aliwapanga kwenye wavu juu ya moshi wa kuni, akawageuza mmoja mmoja kwa vidole, wala hakuwatiaga chumvi hata chembe. Alisemaga chumvi ni ya mtu mvivu wa kukausha. Wakishakauka aliwafunga kwenye kipande cha kitenge kilichochakaa, na fundo lake lilikuwa lake peke yake. Alizungusha mara mbili, ncha akazificha ndani, na ukijua pa kuvuta lilikuachia lenyewe. Usipojua ungehangaika nalo mpaka jioni. Alinifundisha mimi tu, na wadogo zangu walinichukia kwa hilo.

Alikuwa na maneno yake pia. Mbuzi akichelewa kurudi, au mtoto akikawia ziwani, aliacha kumenya mihogo akasema kwa Kijita kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama kusema, "Roho yangu haijakaa." Hakusubiriga kuelezwa kuna nini. Akishasema hivyo alifunga khanga kiunoni akaenda kuangalia. Mara nyingi alikuta hakuna kitu, mtoto yuko salama anachezea matope, naye akarudi kwenye mihogo yake bila aibu yoyote. Tulimcheka sana kwa safari zake za bure.

Nilipofaulu nikapelekwa sekondari ya bweni ya wasichana, upande wa Butiama. Mliosoma bweni mnajua ninachosema. Uji wa saa kumi na mbili wenye wadudu, ukiwatoa unabaki na maji. Maharage magumu tuliyoyaita risasi. Ndoo yenye jina lako iliyoibwa na mtu mwenye jina kama lako. Na Kiingereza, Mungu anisamehe, Kiingereza tangu mstarini asubuhi mpaka taa zizimwe. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavikwa kibao shingoni. Ukikamatwa unaongea Kijita unavikwa kibao na kupewa eneo la kufyeka.

Hata kuumwa kulikuwa kwa Kiingereza. Ili upate ruhusa ya kwenda nyumbani ulisimama mbele ya mwalimu wa zamu, ukajieleza kwa sentensi kamili. Form wani tulikuwa na magonjwa matatu tu tuliyoyaweza, kichwa, tumbo na malaria, kwa hiyo shule nzima iliumwa hayo matatu. Niliona kwa macho yangu msichana kateguka mguu anaomba ruhusa ya kichwa, kwa sababu kuteguka hakukujua. Mwalimu aliyetisha kuliko wote tulimwita Mwalimu Sentensi. Ukimwambia nyoka kaingia bwenini, alikutaka kwanza useme ni nyoka gani, kaingia lini, na kitenzi kikae mahali pake.

Jumapili moja ya kila mwezi wazazi waliruhusiwa kututembelea, na bibi hakukosa hata mara moja. Aliondoka Kiriba giza halijatoka, akapanda gari mpaka Musoma, akapanda jingine, kipande cha mwisho akakikata kwa miguu na furu wake kichwani. Alifika miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakuwa na maongezi mengi. Alikaa kwenye baraza la bwalo akaniangalia ninavyokula, mpaka nilipomaliza.

Muhula wa pili, Jumapili moja, hakuja. Alikuja mama wa msichana mmoja wa kijijini kwetu, akanikabidhi kifurushi changu cha furu. Nikamuuliza bibi yuko wapi. Akaniambia bibi mzima kabisa, ana kazi za shamba tu, nisome kwa bidii. Alisema hayo akiangalia tranka langu.

Nikakaa kitandani nifungue kifurushi. Kitenge kilikuwa cha bibi, nakijua, kile cha maua ya njano. Fundo halikuwa lake. Lilikuwa fundo la kufungia mbuzi, limekazwa na mtu mwenye haraka, nikalikata kwa wembe. Nikatia furu mmoja mdomoni. Walikuwa na chumvi.

Sikulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata. Sikuumwa kichwa, sikuumwa tumbo, na malaria sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba mtu mwingine kakausha furu wa bibi na mtu mwingine kawafunga, na bibi asingekubali hayo akiwa na miguu ya kusimama. Jumanne nikajipanga foleni ya ruhusa mbele ya Mwalimu Sentensi. Nilikuwa nimelichukua neno la bibi nikaligeuza kama lilivyo.

"Sir, my heart is not sitting."

Foleni nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika kwenye karatasi kwamba nina ugonjwa wa moyo, akanituma zahanati na kiranja. Mganga wa zahanati alinisikiliza kifuani, hakusikia kitu, akaona hawezi kunirudisha mikono mitupu, akanipa klorokwini. Mliokunywa klorokwini mnajua. Nilijikuna siku mbili, mpaka nyayo, na roho bado haijakaa.

Aliyenionea huruma ni dada mkuu, ambaye ndiye aliyetunza kamusi ya bweni. Kamusi ilikuwa moja, haina jalada, herufi ya A imeliwa na panya. Nikamweleza kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, yeye akilinda mlango. Akapekua, akauliza, akapekua tena. Kama siumwi, akasema, na kama sijui ni nini, na kama siwezi kutulia, basi neno langu ni uneasy. Nikaliandika kiganjani. Nikalisema nikifua, nikalisema nikifyeka, nikalisema kwenye foleni ya uji.

Alhamisi nikasimama tena mbele ya Mwalimu Sentensi.

"Sir, I am uneasy."

Jamani, yule mwalimu aling'aa. Aliweka kalamu chini. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniuliza nimelitoa wapi, nikasema kwenye kamusi. Akanishika bega akanipeleka mstarini, akanipandisha juu ya kile kijukwaa cha matofali mbele ya shule nzima, nikalisema mara ya tatu kwa sauti. Akawaambia kuna form wani aliyeacha magonjwa ya uvivu akaenda kutafuta neno lake. Nikapigiwa makofi ya kilo, mara tatu. Kisha akaliandika kwa chaki kwenye ubao wa bwalo, liwe neno la wiki, UNEASY, herufi kubwa, na chini yake jina langu.

Hakuniuliza uneasy kwa nini. Ruhusa aliisahau palepale.

Na hapa nisijisafishe, maana mwalimu peke yake hatoshi kubeba hili. Mimi mwenyewe nilisahau. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Wasichana wa form thrii walinisalimia kwa jina. Wiki nzima shule ilikuwa uneasy, ugali ni uneasy, hesabu ni uneasy, matroni kanyimwa soda kwenye sherehe naye kawa uneasy, na kila lilipotajwa mimi niliinua kidevu. Nilipita chini ya ule ubao mara tatu kwa siku na sahani yangu. Baada ya hapo ikaja mitihani, na furu wale wenye chumvi nilikuwa nimeshawamaliza.

Tulipofunga shule baba alinipokea stendi ya Musoma. Alikuwa amevaa kofia, na baba yangu hakuvaaga kofia. Alipoinama kuinua tranka ikadondoka, nikaona kichwa chake kimenyolewa, nywele zimeanza kuota upya kidogo. Kwetu mtu hanyoi hivyo bila msiba. Sikumuuliza ni nani. Nilikaa chini, palepale kwenye mafuta ya magari, na sare yangu.

Bibi alianguka jikoni siku mbili kabla ya ile Jumapili. Upande mmoja wa mwili ukalala. Furu alikaushiwa na mama, kifurushi akakifunga baba. Aliishi wiki tatu zaidi, akili yake iko timamu, na baba aliniambia jambo hili akiamini ananifariji.

"Alikuulizia sana," alisema. "Tukamwambia una mitihani. Akasema basi, asome."

Wiki tatu. Ningeweza kwenda na kurudi mara ngapi. Ningekaa nikamwangalia anavyokula, kama alivyoniangalia mimi. Nilimkuta ni udongo wenye msalaba wa mbao, na kile kitenge cha maua ya njano nikakirudisha nyumbani kimekunjwa kwenye tranka. Baba hakuwa mbaya. Alifanya kama baba wengine wote walivyofanya, na alikufa akijua amenisaidia kufaulu. Mimi nilifaulu kweli, na Kiingereza nilipata alama ya juu kuliko wote darasani.

Nyanjura nimempa jina la bibi. Majura kwa sababu hiyo hajawahi kumwita mwanangu hata siku moja. Anamwitaga bibi, tangu yuko kwenye mbeleko. Kila Jumamosi anamwandikia ujumbe mmoja, usio na herufi kubwa wala nukta, "bibi umekula", naye anajibu nimekula, basi, yameisha mpaka Jumamosi ijayo. Wiki iliyopita Majura hakuweza kushika simu. Kwa hiyo Jumamosi niliichukua mimi simu yake, nikaandika badala yake. "Habari za masomo, mwanangu. Mimi na mama yako tuko salama. Soma kwa bidii." Niliweka nukta zote mahali pake. Mwalimu Sentensi angenipandisha jukwaani.

Jumapili jioni, baada ya kumgombeza mtoto kuhusu am na I am, niliitoa simu ya Majura kwenye mfuko wake wa suruali ili niizime. Nikakuta jibu la Nyanjura kwa ule ujumbe wangu, la tangu jana yake. Alikuwa ameandika, "Baba, ni wewe?"

Niliangalia maneno hayo matatu mpaka kioo kikajizima. Lile lilikuwa fundo la kufungia mbuzi, na safari hii nililifunga mimi. Mtoto alishalishika mkononi akaona si lenyewe, akaja kwangu na neno alilokuwa nalo, nami nikamsahihishia sentensi.

Nilikasirika kupita kiasi. Nilimkasirikia shemeji, nikamkasirikia baba yangu aliye kaburini, na nikajikasirikia mimi mwenye miaka yote hii ya kulalamika kwamba vijana wanadeka. Nikatoka nje ya geti la hospitali nikapiga simu.

"Nyanjura," nikasema, "uliniandikia uko uneasy. Ni nini?"

"Mama, si umeniambia niache kudeka?"

"Niambie."

"Baba hajawahi kuniita mwanangu. Halafu ameweka nukta. Mama, baba yuko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia tumbo, wodi, Alhamisi, yote. Alilia, nikamwacha alie. Alipomaliza aliniuliza saa ngapi wanampeleka chumba cha upasuaji, nikamwambia saa mbili asubuhi. Akasema ana mtihani Jumatatu na Jumatano, Alhamisi hana, Ijumaa anao wa mwisho. Akasema, "Nitafanya. Lakini nakuja."

Jumatano jioni akaingia wodini na begi lake la mgongoni, vumbi la njia ya Bunda kwenye viatu vyeupe. Majura alikuwa amegeukia ukutani. Aliposikia hatua zake aligeuza kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Bibi," akasema, "umekula?"

Shemeji alinivuta kwenye korido, mishipa imemtoka shingoni. Alitaka kujua ni nani kamwambia mtoto. Nikamjibu mtoto alikuwa anajua kabla ya kuambiwa, mimi nilichofanya ni kuacha kumdanganya. Akasema akifeli mtihani wa Ijumaa itakuwa juu yangu. Nikamwambia na iwe juu yangu.

Nawaandikia haya leo Alhamisi, kwenye benchi lilelile. Majura kaingia saa mbili kasoro, sasa inakaribia saa tano, na mlango bado umefungwa. Nyanjura yuko pembeni yangu na daftari lake, anasoma kwa ajili ya kesho, ukurasa mmoja huohuo kwa saa nzima. Masikioni kaweka zile waya zake zisizo na waya. Wenzangu, tulikuwa na ziwa, na mawe ya kujifichia, na bibi wa kutembea kutwa kwa ajili ya kutuona tukila, na sitabadilisha utoto ule na hosteli ya mtu yeyote. Lakini yakitokea makubwa nyumbani tulikuwa wa mwisho kuyajua, na tulifundishwa kushukuru kwa hilo. Hawa wa leo wanalia kwa wali wenye mchanga, ni kweli, wananichosha, ni kweli. Ila wanasema.

Muuguzi katoka sasa hivi, kapita mbele yetu bila kutuangalia. Nyanjura katoa vitu vyake masikioni.

"Mama, unajisikiaje?"

Sijalisema lile neno juu yangu mwenyewe tangu siku ya jukwaa la matofali. Nikamwambia, "I am uneasy."

Hakunipigia makofi. Alifunga daftari, akasogea mpaka bega lake likagusa langu, akauliza, "Kwa nini, mama?"

Nikaanza kumwambia.